Kumtoa Panya Nyumbani Bila Kumtesa: Mwongozo kwa Nyumba za Mawe za Lamu

Katika mji wa Lamu, mtu akilalamika kwamba nyumba yake imeingia panya, jibu analopewa mara nyingi ni jina la sumu. Kwa maoni yangu jibu hilo hutangulia swali. La kwanza kuulizwa ni panya ameingilia wapi, na la pili ni anakula nini, kwa kuwa majibu ya maswali hayo mawili ndiyo yanayoamua iwapo mwenye nyumba ataua panya kila mwezi wa maisha yake au atakaa katika nyumba ambayo panya hana haja nayo. Mwongozo huu ni wa mtu anayetaka jiko safi na ghala salama, na ambaye hata hivyo haridhiki kuona kiumbe kikifa polepole kwa sababu yake.

Nilianza kulifikiria jambo hili baada ya kutumia gundi. Tulikuwa tukiishi mtaa wa Mkomani, na usiku mmoja nilitandika ubao wa gundi ya panya nyuma ya pipa la unga, nikaenda kulala. Kabla ya adhana ya alfajiri nilisikia sauti nyembamba isiyokatika, na nilipomulika kwa kurunzi nikamkuta panya amenata miguu yote minne na shavu moja, ngozi ya kifua imechubuka kwa kujivuta, pumzi zikienda mbio. Nilimlegeza kwa mafuta ya kupikia, kwa kuwa mafuta hulainisha gundi, lakini alikufa mkononi mwangu kabla ya kupambazuka. Sijaweka tena gundi, na ninamsihi msomaji asiiweke. Mnyama aliyenaswa hivyo hufa kwa uchovu, kiu na hofu kwa muda wa saa nyingi, na gundi yenyewe haichagui, maana mjusi wa ukutani na kinda la ndege hunata vilevile.

Wengi wetu tumesomeshwa madrasani kwamba panya ni miongoni mwa wanyama wanaoruhusiwa kuuawa hata ndani ya eneo takatifu la Makka, na hilo ni kweli. Lakini tumesomeshwa pia hadithi aliyoipokea Shaddad bin Aws, iliyomo katika mkusanyiko wa Imam Muslim, inayofundisha kwamba wema umefaradhishwa katika kila jambo, na kwamba hata anayeua anatakiwa aue kwa njia iliyo njema. Aliyepewa ruhusa ya kuua hakupewa ruhusa ya kutesa, na yote nitakayoyaeleza hapa yamejengwa juu ya tofauti hiyo.

Kumtambua mgeni

Kabla ya kufanya lolote ni lazima ujue ni mnyama gani uliye naye, kwa sababu neno panya tunalitumia kwa viumbe kadhaa. Panya mdogo wa nyumbani, ambaye ndiye ninayemzungumzia zaidi, ana mwili wa sentimita 7 hadi 10, mkia unaokaribia urefu huohuo, na uzito ambao kwa kawaida hauzidi gramu 30. Kinyesi chake ni kama punje nyembamba za mchele mweusi, chenye urefu wa milimita 3 hadi 6. Ukikuta kinyesi cha zaidi ya sentimita moja, na usiku ukasikia vishindo juu ya boriti badala ya mikwaruzo, huyo ni panya wa dari, mkubwa kuliko huyu mara kadhaa na mwenye tabia nyingine: panya mdogo ni mdadisi na hukikagua kila kitu kipya kilichowekwa njiani mwake, ilhali yule mkubwa hukiogopa kitu kigeni kwa siku nyingi. Mtego uleule utampata wa kwanza usiku wa kwanza, na wa pili utamsubiri wiki nzima.

Yupo pia kirukanjia, mwenye pua ndefu iliyochongoka, macho madogo na harufu kali inayobaki chumbani baada ya yeye kuondoka. Huyu si panya kabisa. Chakula chake ni mende na wadudu wengine, hana habari na gunia lako la mchele, na ukimwona anafuata ukuta mfungulie mlango apite.

Mambo mawili ya maisha ya panya mdogo yafaa kukumbukwa. La kwanza ni kwamba haendi mbali: akishapata chakula karibu na kiota chake, matembezi yake ya usiku huwa ya mita chache tu, kwa hiyo mahali unapoona kinyesi kingi ndipo pa kutafutia tundu, si upande wa pili wa nyumba. La pili ni wepesi wake wa kuzaa. Mimba huchukua siku 19 hadi 21, uzao mmoja mara nyingi huwa na vitoto 5 hadi 8, na jike aliyetimiza wiki sita hivi huweza naye kushika mimba. Anayechelewa miezi mitatu kwa huruma atajikuta na panya wengi sana wa kuhurumiwa, kwa hiyo anayetaka kutenda kwa upole na atende mapema.

Kutafuta njia zake

Nyumba zetu za mawe zina kuta nene za matumbawe na chokaa, dari za boriti, na zidaka zilizochimbwa ukutani, na kila kimoja kati ya hivi kinaweza kuwa mlango wa panya. Kipimo changu ni penseli: tundu linalopitisha penseli ya kawaida linampitisha panya mdogo, kwa kuwa likishapita fuvu la kichwa, mwili uliobaki hujibana ukafuata.

Wakati wa usiku, watu wakishalala, nyunyiza poda ya talki kidogo kandokando ya kuta za jikoni, kwenye vizingiti vya milango na chini ya zidaka. Watu wengine hutumia unga wa ngano, nami sikubaliani nao, maana huko ni kumwandalia chakula unayetaka aondoke. Asubuhi utaona nyayo na mfuo wa mkia, na utazifuata mpaka zinapoishia. Panya hutembea akigusisha masharubu na ubavu ukutani, na baada ya muda mwili wake huacha alama ya weusi wa mafuta kwenye chokaa nyeupe. Angalia hasa pale vichwa vya boriti vinapoingia ukutani, kwa sababu mti ukikauka husinyaa, chokaa iliyouzunguka humomonyoka, na panabaki mwanya ambao mtu aliyesimama sakafuni hauoni. Angalia pia bomba la jikoni linapotoboa ukuta, tundu la kutolea maji bafuni, na upenyo ulio chini ya mlango wa daka, yaani baraza ya mlangoni.

Mapaa ya makuti ni jambo jingine. Makuti hayazibiki, na ningemshauri mtu asijaribu. Linalowezekana ni kuitenganisha nyumba, juu na chini: mlango wa ngazi ya darini ufungwe kila usiku na uwekwe ukanda wa bati chini yake, matundu ya hewa yawekwe wavu wa waya wenye macho yasiyozidi milimita 6, na matawi ya mwasumini au mti wowote yanayogusa ukuta yakatwe. Pale nyumba mbili zinapounganishwa na wikio, yaani chumba kinachovuka juu ya kichochoro, jua kwamba panya analo daraja lake, na kwamba kazi hii haiwezi kuwa ya mtu mmoja. Nilipokwenda kwa jirani yetu, mama mtu mzima, kumweleza kwa adabu kwamba nilikuwa naanza kuziba kuta, alinijibu, “Alhamdulillahi, mwanangu, maana hao panya wenu wamenichosha.” Mimi nilikuwa nimekwenda kumwambia vivyo hivyo kuhusu wake. Tulikubaliana tuzibe wiki moja, kila mmoja upande wake, na mwanawe alinisaidia kupandisha ngazi.

Namna ya kuziba

Tundu dogo hujazwa kwanza waya laini wa kusugulia masufuria, ukasukumwa ndani kwa kijiti mpaka ukakazana, kisha likafunikwa kwa chokaa na mchanga. Panya anaweza kuitafuna chokaa mbichi, mbao, plastiki na hata risasi, kwa kuwa meno yake ya mbele hayaachi kukua na hana budi kuyanoa, lakini waya humchoma ufizi na huuacha. Tundu kubwa litomewe vizuri kwa vipande vya jiwe kabla ya kupigwa lipu.

Nasisitiza chokaa, si saruji. Ukuta wa matumbawe hunyonya unyevu kutoka ardhini na hewani na huupumua kupitia chokaa. Ukiufunika kwa saruji, unyevu na chumvi hukwama ndani, lipu huvimba na kubanduka, na baada ya misimu michache unakuwa na nyufa nyingi kuliko zile ulizoziziba. Fundi wa chokaa atakuambia hivyohivyo. Mji Mkongwe wa Lamu umo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu mwaka 2001, na ukarabati unaobadilisha ukuta au mlango wa nyumba ya kale unahitaji kushauriana na wahusika wa uhifadhi, lakini kuziba tundu la penseli kwa chokaa ni matengenezo ambayo wazee wetu waliyafanya kila mwaka.

Mpangilio wa kuziba ndio unaotenganisha upole na ukatili, na watu wengi hukosea hapa kwa nia njema. Ukiziba matundu yote kwa siku moja, walio ndani ya kuta watafungiwa humo, watakufa kwa njaa na kiu, na vitoto vitakufa baada ya mama yao. Ziba kwanza matundu yanayotoka nje au kwa jirani, ili wageni wapya wasiingie. Matundu ya ndani, yanayofunguka jikoni au ghalani, yaache wazi wakati unapotega, uendelee kunyunyiza poda kila usiku, na uyafunge tu baada ya kupita usiku saba mfululizo bila unyayo hata mmoja.

Kumnyima chakula

Panya mdogo hula gramu 3 hivi kwa siku, tena kwa kudonoa mara nyingi, na maji anayoyahitaji aghalabu huyapata katika chakula chenyewe. Maana yake ni kwamba makombo ya mahamri chini ya meza yanatosha kumlisha yeye na jamaa zake. Kufagia asubuhi peke yake hakusaidii kitu, kwa sababu chakula huliwa usiku. Sakafu na meko visafishwe baada ya chakula cha jioni, na vyombo visilale vichafu.

Unga, mchele, pojo na kunde viwekwe katika madebe au mikebe ya bati yenye vifuniko vinavyobana, au katika chupa za kioo. Ndoo ya plastiki ngumu hustahimili kwa muda, mfuko wa nailoni haustahimili hata usiku mmoja. Magunia yasilazwe sakafuni wala yasiegemezwe ukutani, bali yawekwe juu ya ubao ulioinuliwa, na pawe na nafasi ya mtu kufagia nyuma yake. Kawa la ukili linafaa kwa nzi, lakini panya hulisukuma kwa pua akaingia, kwa hiyo mikate inayolala ihamishiwe kwenye sufuria yenye kifuniko. Mafunzo ya dini yanayotuhimiza kufunika vyombo na kuzima taa kabla ya kulala yanamtaja panya waziwazi, kwamba huweza kuuburura utambi akawaunguza wenye nyumba, na sijui kwa nini tumeiacha desturi hiyo tulipopata umeme.

Hapa ningependa kuwakumbusha wasomaji susu, ule wavu wa kamba unaoning'inizwa kwenye boriti ambao bibi zetu waliwekea vyakula na vyombo. Susu ni kifaa chenye akili. Kasoro yake moja ni kwamba panya huteremka kwa kamba kama baharia, na dawa ya kasoro hiyo ni kutoboa tundu katikati ya kipande cha bati cha mviringo, kipana kama sahani kubwa, na kukipitisha kwenye kamba juu ya wavu, ili anayeteremka akifika hapo ateleze na kurudi alikotoka. Ng'onda na papa mkavu nao wakiangikwa kwa namna hiyo huwa salama.

Kuna chakula kingine ambacho wenye nyumba hawakihesabu kuwa ni chakula: pumba za punda zilizobaki dakani, na wali wa samaki waliowekewa paka wa mtaa. Kumlisha paka ni jambo jema, lakini apewe kiasi anachokimaliza, na sahani iondolewe kabla ya giza. Nyumba nyingi zina paka watatu na panya thelathini kwa sababu wote wawili wanakula sahani moja kwa zamu.

Kuhusu birika la maji, lifunikwe, na pale lisipofunikika uegemezwe ubao mwembamba au kamba nene kutoka majini hadi ukingoni. Panya akitumbukia humo huogelea huku akikwaruza ukuta laini mpaka nguvu zimwishe, na mzoga wake huyaharibu maji ya nyumba nzima. Ubao wa shilingi chache humwokoa yeye na maji pia.

Kumtega akiwa hai

Mtego wa kizimba, wa waya au wa kisanduku, ambao mlango wake hujifunga mnyama anapogusa chambo, hupatikana au hutengenezwa na fundi yeyote wa bati. Mmoja hautoshi. Kwa jiko moja ningeweka minne au mitano, kila mmoja ukiwa sambamba na ukuta, mdomo ukiwa palepale ulipoona nyayo, na umbali wa mita mbili hivi kati ya mmoja na mwingine. Chambo kiwe kidogo kama harage, cha kunata ili asikinyakue na kukimbia: siagi ya karanga, tende iliyopondwa, au nazi iliyochomwa mpaka ikatoa harufu. Kwa usiku mbili za kwanza uweke mtego na chambo lakini uuzuie mlango usifyatuke, ili panya azoee kuingia na kutoka. Usiku wa tatu utege kikweli.

Mtego wa hai usiokaguliwa si wa huruma. Mnyama huyu hudonoa chakula mara nyingi kwa siku kwa sababu mwili wake mdogo hauna akiba, na akifungiwa usiku kucha bila kitu huweza kufa kabla ya mchana. Katika joto letu la Kaskazi, kizimba cha bati kilichoachwa penye jua kinakuwa tanuri. Kwa hiyo tega baada ya Isha, kagua kabla ya kulala, kagua tena alfajiri, na mchana acha mitego wazi bila kutega. Ndani yake weka punje za mchele, kipande cha tango au nyanya kwa ajili ya kiu, na fumba la sufi la kujifichia. Ukimpata, funika kizimba kwa kitambaa. Giza humtuliza kuliko maneno yoyote. Vaa glavu, usimshike kwa mkono mtupu, kwa sababu mnyama aliyebanwa huuma.

Asiye na kizimba anaweza kutumia ndoo tupu yenye kina cha sentimita 40 au zaidi na kuta laini, kwa kuwa panya mdogo huruka karibu sentimita 30. Egemeza kijiti cha kupandia, paka chambo kwenye kopo linalozunguka juu ya waya uliokatiza mdomo wa ndoo, na chini tandika vitambaa. Wanaoweka maji ndani ya ndoo hiyo wanamzamisha mnyama kwa dakika nyingi, nami siwezi kuita hilo wema.

Jike anayenyonyesha ni mtihani. Ukimwangalia kupitia waya utaona chuchu zilizojitokeza, na manyoya yamepungua kuzizunguka. Huyu nikimpata ninamwachia palepale, ndani ya nyumba, ili arudi kwa watoto, kisha nasubiri wiki tatu hivi mpaka vitoto vianze kutoka vyenyewe, ndipo natega tena. Najua wapo watakaoona huo ni upuuzi. Lakini kumtoa mama ni kuviua vitoto vyote kwa njaa ndani ya ukuta, na muda wa wiki tatu, ukishaondoa chakula na kuziba matundu ya nje, haumletei mwenye nyumba hasara kubwa.

Mahali pa kumwachia

Ni lazima niseme ukweli ambao wapenda wanyama wengi hawapendi kuusikia. Panya wa nyumbani ameishi na binadamu kwa maelfu ya miaka, amefika pwani hii kwa kufuata watu, vyombo vyao na nafaka zao, na porini hana ujuzi wa kuishi. Akipelekwa mbali, kwenye matuta ya mchanga ya Shela kwa mfano, hajui maji yako wapi wala shimo liko wapi, na huliwa au hufa katika siku chache. Wala asivushwe kwa mashua kupelekwa Manda au kisiwa kingine chochote, hata kama mtu anaona huko kuna nafasi, kwa sababu panya wageni ni maafa kwa ndege wanaotaga ardhini na kwa mashamba ya watu.

Njia iliyo bora ni kumwachia karibu, ndani ya mita mia moja hivi, penye ukuta wa mawe uliobomoka, rundo la kuni au kichaka cha kujificha, mbali na mlango wa mtu mwingine, na wakati wa magharibi au kabla ya alfajiri ambapo mwewe na kunguru hawapo angani. Atajaribu kurudi, na ndiyo maana kuziba matundu ya nje kunatangulia kutega. Akikuta nyumba imefungwa, atajitafutia maisha katika eneo analolijua harufu yake.

Inapobidi kuua

Ipo siku ambapo panya ni wengi kupita kiasi, au aliyenaswa ameumia asiweze kuishi, na hapo wema ni haraka. Mtego wa kufyatuka wenye springi yenye nguvu, ukiwa mpya na ukiwekwa vizuri, humvunja shingo papo hapo. Uwekwe kwa pembe mraba na ukuta, upande wa chambo ukigusa ukuta, na uwe ndani ya kisanduku chenye tundu dogo ili paka na watoto wasifikie. Mtego uliochoka, unaobana mguu au mkia tu, utupwe. Aliyeumia amalizwe kwa pigo moja zito la kichwani, na asiyeweza kufanya hivyo amwite anayeweza, badala ya kumtupa jalalani akiwa hai. Maji, moto na gundi visitumike.

Sumu naiweka mwisho, na ningefurahi kama isingefikiwa kabisa. Sumu nyingi za panya zinazouzwa kihalali huzuia damu isigande. Panya huzila, huendelea kutembea, na hufa kwa kuvuja damu ndani ya mwili baada ya siku kadhaa, mara nyingi kati ya tatu na saba. Katika siku hizo amelegea, na paka au bundi anayemkamata huimeza sumu hiyo pamoja naye. Hufia ndani ya ukuta usioweza kuubomoa, na harufu hukaa nyumbani kwa wiki nzima au zaidi. Hatari kubwa zaidi ni vipaketi visivyo na lebo vinavyouzwa na wachuuzi mikononi. Nchini Kenya dawa za kuua wadudu na panya hutakiwa kusajiliwa na Bodi ya Kudhibiti Bidhaa za Kuua Wadudu, na kipaketi kisicho na jina wala namba hakimwambii daktari chochote mtoto akikilamba. Likitokea hilo, mtoto apelekwe hospitalini mara moja pamoja na kipaketi chenyewe, hata kama bado haonyeshi dalili.

Vile vidude vya umeme vinavyosemwa kutoa sauti ya kufukuza panya sivipendekezi. Sauti hiyo haipenyi ukuta wala kabati, na panya huizoea. Karafuu na mafuta ya mnanaa huficha harufu ya panya kuliko yanavyomfukuza.

Kusafisha

Mahali palipokuwa na kiota au kinyesi pasifagiliwe pakiwa pakavu, kwa sababu vumbi lake huvutwa na pumzi. Fungua madirisha kwa nusu saa, vaa glavu na barakoa, changanya dawa ya klorini ya kufulia, sehemu moja kwa sehemu tisa za maji, ulowanishe pahali hapo na usubiri dakika tano, kisha pangusa kwa karatasi au kitambaa cha kutupa. Dawa hiyo isichanganywe na sabuni nyingine ya kemikali. Mkojo wa panya, kama wa wanyama wengine kadhaa, unaweza kubeba vijidudu vya leptospirosisi, ambayo wengi waliijua kwa jina la homa ya mgunda ilipozuka mkoani Lindi, Tanzania, mwaka 2022. Mtu mwenye kidonda mguuni au mkononi akifunike kabla ya kuanza kazi. Vyakula vilivyoguswa vitupwe, na mikebe ioshwe kwa maji moto na sabuni.

Baada ya hapo kazi inayobaki ni ya ukaguzi. Nyunyiza poda usiku mmoja kila mwezi, na zaidi masika yanapokaribia, kwa maana mvua hufurika mashimo ya nje na panya hukimbilia penye ukavu. Kagua juu kila unapoezeka makuti upya, kwa kuwa mafundi hugusa ukuta na kufungua nyufa. Kumbuka pia kwamba waya wa kusugulia masufuria, ule wa bei ndogo, huoza kwa kutu katika hewa yetu ya chumvi na hugeuka unga mwekundu ndani ya chokaa bila mtu kujua. Palipo na uwezo tumia ule usioshika kutu au waya wa shaba, na pasipo na uwezo, choma matundu ya zamani kwa msumari kila mwaka kabla ya masika, na linaloachia msumari upenye ulijaze tena.